Matanga ya Lubaga Tangu 1892

Kabla bunduki hazijaenea Buganda, kifo kilikuwa na utaratibu wake. Ukoo ulikusanyika, ukazika, ukaomboleza, na baadaye ukafanya okwabya olumbe, sherehe ya kuanua matanga, ambapo mrithi alisimikwa mbele ya watu na yatima wakajua mlango wa kubisha. Karne iliyofuata iliuvuruga utaratibu huo, na mahali pa kulifuatilia jambo hili vizuri ni Lubaga, sehemu ya Kampala yenye kanisa kuu la Kikatoliki, Namirembe ya Waanglikana, ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) ya Mengo na makaburi ya wafalme ya Kasubi.

Mwaka 1889, baada ya mauaji ya waumini Wakristo ya 1885 hadi 1887, Kabaka Mwanga aliwapa wamisionari Wakatoliki, Mapadre Weupe, kilima cha Lubaga, palipowahi kuwa na makao ya baba yake, Muteesa wa Kwanza. Hawakukaa kwa amani. Tarehe 24 Januari 1892, Waprotestanti waliopewa silaha na Mwingereza Kapteni Lugard walipigana na Wakatoliki. Misheni ikateketezwa, na walioshindwa wakakimbilia jimbo la Buddu. Suluhu iliyopatikana ilikuwa ya kugawana: Wakatoliki wakapewa Buddu, na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza ukaimarisha desturi ya kutoa uchifu kwa kufuata dini. Mapatano hayo yalizima mauaji, lakini uhasama haukuzimika, bali ulipewa ofisi. Ndiyo maana chama cha Wakatoliki cha Democratic Party (DP) kilipoanzishwa mwaka 1954, wapinzani wake walikiita Dini ya Papa.

Kazi ya uponyaji iliyowagusa watu moja kwa moja ilifanyika kimyakimya zaidi. Hospitali ya Mengo ilifunguliwa mwaka 1897, ya Lubaga mwaka 1899. Kanisa kuu likajengwa kuanzia 1914 hadi 1925 juu ya kilima kile kile kilichochomwa.

Uhuru wa 1962 ulileta jeraha jipya upesi. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia ikulu ya Mengo. Kabaka Muteesa wa Pili alitoroka, akafia London Novemba 1969, na kwa mwaka mzima na zaidi Buganda ikabaki na msiba usio na maiti. Amin alipompindua Obote alilielewa hilo, na Aprili 1971 mwili ukazikwa Kasubi. Lilikuwa tendo la kisiasa, lakini faraja waliyoipata Waganda ilikuwa ya kweli.

Faraja hiyo hiyo ndiyo Amin aliyowanyima wengine. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitekwa Septemba 1972 na maiti yake haikurudishwa. Mwezi Januari 1973 aliuawa Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno. Askofu Mkuu wa Kianglikana Janani Luwum alipouawa Februari 1977, serikali ilikataa kuutoa mwili wake, ukapelekwa kuzikwa Mucwini, kaskazini. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa Namirembe. Siku ya Jumapili waumini walijaa kanisani, wakatoka na kulizunguka kaburi lile tupu, wakaimba. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya matendo makubwa ya uponyaji katika historia ya Uganda: umma uliokatazwa kuzika ulikataa kuacha kuomboleza. Mwaka uliofuata Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha huko Nalukolongo nyumba ya kuwatunza wazee na wasiojiweza.

Vita vya waasi na serikali huko Luweero, 1981 hadi 1986, viliacha mafuvu yaliyopangwa kando ya barabara, bila majina. Tume ya Jaji Arthur Oder ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, iliyoundwa mwaka 1986, iliwasikiliza mashahidi na kutoa ripoti mwaka 1994. Miaka minane ni mirefu mno kwa mjane. Wakati huo ufalme wa Buganda, uliokuwa umefutwa, ulikuwa umerudishwa, na Julai 1993 Kabaka Mutebi wa Pili akatawazwa.

Machi 2010, miezi michache baada ya ghasia za Septemba 2009 kati ya serikali na wafuasi wa Kabaka, makaburi ya Kasubi yaliungua, na waombolezaji wakapigwa risasi. Jibu lilitoka kwa koo. Waezekaji wa ukoo wa Ngeye walirudi kwenye nyasi zao, na pete 52 zikafungwa tena darini, moja kwa kila ukoo. Septemba 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Sera ya kitaifa ya haki ya mpito ilipitishwa na baraza la mawaziri mwaka 2019, ikizitambua taratibu za jadi. Leo Nateete na Nakulabye, mitaa ya Lubaga, kunasikika Kiswahili cha wakimbizi kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Nao wanaweka matanga ya ndugu ambao makaburi yao hayafikiki, kama walivyofanya majirani zao Waganda kwa wale wa Luweero.