Muuguzi Aliye Safarini

Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009. Kufikia mwaka 2021 uchimbaji ulikuwa umekwisha. Katikati ya miaka hiyo mishahara ya mgodini ilisomesha watoto wengi, wengine hadi vyuo vya nchi jirani. Binti mmoja aliyesomea uuguzi nje alikuja na mama yake kutuomba tumwombee: alitaka kwenda kufanya kazi Uingereza. Mama alikaa kimya.

Sisi, wachungaji na wazee wa kanisa, tulimjibu haraka. Tulimwambia hospitali za nyumbani zina upungufu, na kwamba anakimbilia fedha. Baadaye tulirudi kwenye historia ya kanisa, tukaona aibu.

Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya masista wa diakonia huko Kaiserswerth, Ujerumani, ili wanawake wafundishwe kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1849 Fliedner aliwapeleka masista wanne Pittsburgh, Marekani. Mwaka 1851 Mwingereza Florence Nightingale alikwenda kujifunza Kaiserswerth kwa miezi ipatayo mitatu. Mwaka 1854 alikuwa Uturuki akiwauguza askari wa vita vya Crimea. Alijifunza nchi moja, akatumika nchi nyingine. Na hapa kwetu Shinyanga, hospitali ya Kolandoto ilianzishwa na wamisionari mwaka 1913. Bibi zetu walitibiwa na watu walioacha kwao.

Basi kuondoka peke yake si dhambi. Hata hivyo, historia hiyo haituruhusu kufumba macho. Wamisionari walikuja mahali penye uhitaji mkubwa kuliko kwao. Binti yetu anatoka penye uhitaji. Ndiyo maana Mei 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine. Tanzania imo katika orodha ya nchi zinazopaswa kulindwa. Uingereza hairuhusu mawakala kuja kutafuta wauguzi hapa, ila muuguzi anayeomba kazi mwenyewe hazuiwi. Atahitaji uthibitisho wa usajili wake, mtihani wa Kiingereza, wa nadharia na wa vitendo.

Tulipoyajua haya tuliwaita tena, tukaomba radhi. Safari hii tulimuuliza mama kwa nini alinyamaza. Alisema kuna wakala aliyedai fedha nyingi, na shamba la familia lilikuwa limekwisha kupata mnunuzi. Tulikuwa tumehubiri juu ya tamaa ya fedha, kumbe mwenye tamaa hakuwa mezani petu.

Shamba halikuuzwa. Binti anajiandaa kwa mitihani, akifuata utaratibu mwenyewe. Hadi siku ya kuondoka anajitolea katika zahanati, na ameahidi kumsomesha mdogo wake uuguzi.

Wapendwa, yule Msamaria wa Luka sura ya 10 naye alikuwa safarini alipomfunga majeruhi vidonda. Kijana akija kuaga, tusianze na hukumu. Tumuulize anakwenda kwa njia gani, nani anamlipa nani, na nani atabaki na wagonjwa wetu. Kisha tumwekee mikono, tukiwaombea wote wawili: anayekwenda na mgonjwa anayebaki.