Fahamu swichi inayopanga foleni ya intaneti: Bando kubwa pekee halitoshi

Agosti 2022, TTCL ilifikisha intaneti ya kasi hadi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya Marangu ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Lakini kufikisha intaneti ni jambo moja, kuigawa ni jingine.

Chukua mfano wa lodji huko Marangu. Saa mbili usiku wageni 20 walioshuka mlimani wanapandisha video kwa pamoja. Pale mapokezi, mashine ya kadi inazunguka tu, malipo hayapiti. Wengi hukimbilia kuongeza bando. Kumbe tatizo linaweza kuwa swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao.

Swichi ya kawaida hupitisha data bila kujali ni ya nani. Swichi ya kusimamiwa hupangiwa masharti na fundi kupitia kompyuta. Haya ndiyo makubwa inayoweza kufanya:

1. Kutenganisha (VLAN). Swichi moja inagawanywa kama vile ni kadhaa. Wageni wanakaa upande wao, mashine za malipo na kamera upande mwingine. Hii inasaidia pia usalama: mgeni haoni kompyuta za ofisi.

2. Kipaumbele (QoS). Data hupewa alama kuanzia 0 hadi 7. Palipo na foleni, malipo na simu hutangulia, video inasubiri.

3. Kikomo cha kasi. Tundu linalolisha Wi-Fi ya wageni linawekewa kiwango, lisimalize laini yote.

4. Kuzuia mzunguko (STP). Mtu akichomeka waya mmoja pande zote mbili kwenye swichi ileile kwa bahati mbaya, data huzunguka bila kikomo na mtandao mzima hulala. STP inagundua na kufunga njia moja.

Wachagga wanaujua mpango huu zamani. Maji ya mfongo, mfereji wa asili unaoshuka mlimani, hugawanywa kwa zamu. Wa juu akifungulia anavyotaka, shamba la chini linakauka hata kama mto umejaa.

Ila swichi haiongezi maji mtoni. Laini ikiwa ndogo kweli, itabaki ndogo. Na kwa kuwa foleni kubwa mara nyingi hutokea pale laini inapotoka kwenda kwa mtoa huduma, ruta nayo lazima ipangwe.

Jambo la mwisho: kununua tu haitoshi. Swichi ya kusimamiwa ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, hufanya kazi karibu sawa na ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kulipia bando kubwa zaidi, muulize fundi maswali mawili: swichi yetu inapangika? Na kuna aliyewahi kuipanga?