Grace Hopper: Ofisa wa Majini na Usanifishaji wa Lugha za Kompyuta

Maofisa wakuu wa majeshi ya majini aghalabu hukumbukwa kwa manowari walizoongoza na mapigano waliyoshinda. Grace Murray Hopper, aliyefikia cheo cha admeri wa daraja ya chini katika Jeshi la Wanamaji la Marekani, hakupata kuongoza manowari hata moja. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wake sheria isingemruhusu: ile ya mwaka 1948, iliyowafungulia wanawake ajira ya kudumu jeshini, iliwazuia wakati huohuo kutumikia melini, isipokuwa katika meli za hospitali na za uchukuzi. Kazi iliyompandisha cheo ilikuwa kazi ya lugha, na kwa sababu hiyo habari zake zawahusu wanaisimu kuliko inavyodhaniwa.

Alizaliwa New York mwaka 1906, akasoma hisabati Vassar, kisha Yale, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1934. Vita vilipoifikia Marekani mwaka 1941 alikuwa mwalimu wa Vassar. Jeshi halikumpokea kwa wepesi: umri ulikuwa umekwisha kwenda, na uzito wake, ratili 105, ulipungukiwa na ratili 15 kufikia kiwango kilichotakiwa. Alipewa idhini maalumu, akaapishwa katika jeshi la akiba mwezi Desemba 1943, na mwaka uliofuata akahitimu mafunzo ya uofisa akiwa wa kwanza katika kundi lake. Hakupelekwa baharini. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine ya kukokotoa iitwayo Mark I, yenye urefu wa zaidi ya mita 15, akapewa kazi ya kuiandikia amri chini ya Howard Aiken. Ndiye pia mwandishi mkuu wa kitabu cha maelezo ya mashine hiyo, kilichochapishwa mwaka 1946 kikiwa na zaidi ya kurasa 500.

Kisa kimoja cha Harvard kimeenea kupita kiasi. Mwezi Septemba 1947 nondo alikutwa amenasa ndani ya mashine ya Mark II, akabandikwa katika daftari la kazi. Tangu hapo imesemwa kwamba Hopper ndiye aliyeanzisha desturi ya kuita kasoro ya mashine “mdudu”. Sivyo. Neno hilo lilikuwa likitumiwa na mafundi wa Marekani tangu karne ya 19, na mzaha ulioandikwa daftarini wauma kwa sababu hiyohiyo: safari hii mdudu alikuwa mdudu kweli.

Vita vilipokwisha aliomba kuingia katika jeshi la kudumu, akakataliwa kwa umri. Akabaki katika akiba, na mwaka 1949 akaajiriwa na kampuni ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Amri za mashine wakati huo ziliandikwa kwa alama na tarakimu ambazo wanahisabati wachache tu waliweza kuzisoma. Mwaka 1952 Hopper alikamilisha A-0, programu iliyokusanya vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha. Kutoka hapo akafikia wazo lililoonekana la kichaa: karani wa ghala au mhasibu aandike amri kwa maneno ya kawaida, na mashine yenyewe ifanye kazi ya kuzitafsiri.

Alivyosimulia baadaye, yeye na wenzake waliwaonyesha wakubwa wa kampuni programu fupi iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza, kisha programu ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Walidhani wanathibitisha hoja yao, kumbe waliiharibu. Wakubwa walishtuka: iweje mashine iliyoundwa Philadelphia ifahamu Kijerumani? Ilichukua miezi kuwatuliza, na kwa ahadi kwamba Kiingereza pekee ndicho kitakachotumika. Ukweli ni kwamba mashine haikufahamu lugha yoyote kati ya hizo. Neno kwake lilikuwa mfuatano wa alama, na “jumlisha” lingetumika sawasawa na neno lolote la Kiingereza. Waliodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya kompyuta walikuwa wakirudia kosa la wakubwa wale: kuhesabu uamuzi wa wenye mali kuwa ni tabia ya lugha.

Mradi huo ulizaa FLOW-MATIC, na FLOW-MATIC ikawa msingi mkubwa wa COBOL, iliyotungwa na kamati kuanzia mwaka 1959. Wanaomwita Hopper mtungaji wa COBOL wanazidisha. Alikuwa mshauri wa kazi hiyo, na fikra zake ndizo zilizoiongoza.

Alistaafishwa mwaka 1966 akiwa kamanda. Mwaka 1967 aliitwa tena kwa miezi sita, kwa kuwa COBOL ilikuwa imegawanyika lahaja: programu iliyokubaliwa na mashine ya kampuni moja ilikataliwa na ya nyingine. Kikundi chake hakikutosheka na kutangaza kanuni. Kilitunga programu za mtihani za kupima kama kila kampuni imeshika usanifu uliokubaliwa. Yafaa kukumbuka Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, nayo ikapitia vitabu vya shule kabla ya kuviidhinisha. Tofauti ni kubwa, hata hivyo. Lahaja za COBOL hazikuwa na washairi wa kuzililia. Kimvita na Kiamu zilikuwa nao.

Ile miezi sita iliendelea, pasipo kuhesabu mapumziko mafupi, hadi mwaka 1986. Akawa kapteni mwaka 1973 na komodori mwaka 1983. Jina la cheo hicho likabadilishwa mwaka 1985, naye akawa admeri. Katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya takriban sentimita 30, umbali ambao umeme hauwezi kuuzidi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili maofisa waone kwa macho kwa nini ujumbe kupitia setilaiti huchelewa. Aliagwa tarehe 14 Agosti 1986 huko Boston, juu ya meli ya kale ya matanga USS Constitution, akiwa na umri wa miaka 79, mkongwe kuliko maofisa wote waliokuwa kazini. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington.