Alama za vifaa vya ukweaji: Mali bila daftari hupotea bila habari

ALIYEWAHI kusoma katika shule ya bweni anakumbuka jinsi mzazi alivyoketi usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule, akiandika jina la mwanawe kwenye blanketi, ndoo na sanduku. Mfugaji naye humpiga ng'ombe wake chapa, au humkata sikio kwa namna inayojulikana na ukoo wake. Wakweaji wa milima na miamba wana desturi iyo hiyo ya kutia alama mali yao. Tofauti ni kwamba wao wamefungwa na sharti moja ambalo mzazi na mfugaji hawana: alama yenyewe isije ikamuua mwenye mali.

Makala haya yanaeleza kwa nini vifaa vya ukweaji hutiwa alama, mahali panapofaa kutiwa, na mahali ambapo ni marufuku.

Kwa nini alama ni muhimu

Mkweaji hategemei mikono na miguu pekee. Huvaa mshipi maalumu kiunoni na mapajani, hujifunga kamba, na kila anapopanda hatua kadhaa huipitisha kamba hiyo katika karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango unaojifunga wenyewe. Karabina hizo hushikizwa kwenye mwamba kwa mikanda ya nailoni, kwa misumari iliyokwisha kupigiliwa, au kwa vyuma vinavyotumbukizwa katika nyufa.

Katika miamba ya Lukenya, kaunti ya Machakos, au kwenye mnara wa mawe wa Fischer ulio katika Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, si ajabu kuona makundi mawili au matatu yakikwea siku moja. Mmoja hutangulia akiweka vifaa, mwenzake hufuata akiviokota. Juu kileleni vyote hurundikana pamoja. Juu ya Mlima Kenya, ambako vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) havifikiki bila kamba, urundikaji huo hutokea kwenye baridi kali, watu wakiwa wamechoka na jua likielekea kutua.

Karabina nyingi hufanana kama mapacha. Zisipokuwa na alama, kila mtu huondoka na chochote kilicho karibu. Ugomvi wa nani ana ngapi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba mkweaji anayerudi nyumbani na kifaa kisicho chake hajui historia yake. Je, kiliwahi kuanguka kutoka juu ya mwamba? Je, mkanda huu una miaka miwili au kumi na miwili? Je, ulimwagikiwa na asidi ya betri ndani ya buti la gari? Nailoni iliyoguswa na asidi yaweza kuonekana nzima ilhali imekwisha kuoza. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kamba usiyoijua asili yake haisitiri maisha.

Alama za kiwandani na alama za mwenyewe

Kabla ya kuongeza alama yake, mkweaji anapaswa kuzisoma zile zilizotiwa na mtengenezaji. Ubavuni mwa karabina huandikwa nguvu inayoweza kustahimili, kwa kipimo cha kilonewtoni. Karabina ya kawaida ya ukweaji yapaswa kustahimili angalau kilonewtoni 20 ikivutwa kwa urefu wake, nguvu iliyo sawa na uzito wa takribani kilo 2,000. Ikivutwa kwa upana, kiwango cha chini ni 7 tu. Vifaa vingine huwa na nembo ya UIAA, shirikisho la kimataifa la upandaji milima lililoundwa Chamonix, Ufaransa, mwaka 1932, ambalo huweka viwango vya usalama.

Alama hizi hazipaswi kufunikwa wala kukwanguliwa kamwe. Alama ya mwenyewe hukaa pembeni mwazo, si juu yazo.

Vifaa vya chuma

Njia iliyoenea zaidi ni utepe wa rangi, ule utumiwao na mafundi wa umeme. Kipande kifupi huzungushwa kwenye mgongo wa karabina, yaani upande usio na mlango. Hakiwekwi kwenye pinde za juu na chini ambako kamba na mkanda hukalia, wala karibu na mlango, kwa kuwa utepe uliobanduka waweza kuuzuia usijifunge sawasawa.

Rangi moja haitoshi, maana wengi hupenda nyekundu au bluu. Kwa hiyo wakweaji hutumia rangi mbili kwa mpangilio maalumu, mathalani njano ikitangulia upande wa bawaba ya mlango, kisha nyeusi. Kwa rangi tano pekee hupatikana mipangilio 20 tofauti, idadi inayowatosha wanachama wa chama kidogo cha ukweaji. Ikumbukwe pia kwamba wapo watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, na kwamba kwenye mwanga hafifu wa jioni bluu na nyeusi hufanana.

Utepe una kasoro zake. Huchakaa, huacha gundi, na huhifadhi unyevu na chumvi chini yake. Kwa wanaokwea karibu na bahari, yafaa kuubandua mara kwa mara ili kukagua iwapo chuma kimeanza kuliwa. Wengine huona afadhali rangi ya kucha, inayodumu zaidi kwenye chuma na isiyoficha nyufa nyingi. Tone dogo mgongoni latosha.

Kuchonga jina kwa msumari na nyundo ni kosa. Shimo dogo katika alumini huwa chanzo cha ufa kifaa kinapovutwa. Kuchoma kwa moto ni kosa kubwa zaidi, kwani alumini hiyo iliimarishwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na joto jingine huondoa uimara huo. Anayetaka kuchora kwa mashine asome kwanza maagizo ya mtengenezaji kuhusu mahali na kina kinachoruhusiwa.

Kamba, mikanda na kofia

Hapa ndipo hatari ilipo. Mtu huchukua kalamu ya wino usiofutika na kuandika jina lake katikati ya kamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, UIAA ilitoa onyo kwamba majaribio yalionyesha wino wa kalamu fulani waweza kupunguza uwezo wa kamba kumeza nguvu ya anguko kwa hadi nusu, mahali palipopakwa. Kwa jicho kamba haionyeshi dalili yoyote. Kwa sababu hiyo, kalamu inayokubalika ni ile tu ambayo mtengenezaji wa kamba hiyo ameiidhinisha.

Njia salama ni kuzungusha utepe mwembamba wenye jina kwenye ncha kabisa za kamba. Katikati ya kamba utepe haufai, kwa kuwa waweza kusogea au kukwama ndani ya kifaa cha kuteremkia.

Tahadhari nyingine inahusu alama ya katikati. Tuseme kamba ya mita 60 imechakaa upande mmoja, na mwenyewe akakata mita 4. Alama iliyokuwa katikati sasa ina mita 30 upande mmoja na 26 upande wa pili. Anayeteremka akiiamini huwa na ncha moja iliyo fupi kwa mita 4, na asipoifunga fundo ncha hiyo yaweza kumponyoka angali angani.

Kwenye mishipi na mikanda, jina liandikwe kwenye kile kitambaa kidogo cha maelezo kilichoshonewa pembeni, wala si kwenye utepe unaobeba uzito. Rangi ya kucha isiguse nailoni wala plastiki. Kofia ngumu nazo zaweza kudhoofishwa na vimumunyisho vilivyo katika rangi na gundi za vibandiko. Heri kuandika jina kwenye kitambaa cha ndani kinachoweza kutolewa.

Mwisho, alama isifiche kamwe namna vifaa vilivyounganishwa. Mwaka 2013 nchini Ufaransa, mkweaji wa umri wa miaka 12 alifariki baada ya kuanguka, ikabainika kwamba mikanda yake ilikuwa imeshikiliwa kwenye karabina na vipande vya mpira tu, kwa sababu iliunganishwa visivyo. Kwa nje ilionekana sawa. Utepe uliozungushwa mahali pasipofaa waweza kuficha kosa kama hilo.

Daftari

Alama humtambulisha mwenye kifaa, lakini haielezi umri wake. Ndiyo maana wakweaji makini huwa na daftari linaloonyesha nambari ya kila kifaa, mwaka kilipotengenezwa, siku kilipoanza kutumika, na kila anguko kubwa kilichostahimili. Watengenezaji wengi huagiza kwamba vifaa vya nailoni visitumiwe baada ya miaka 10 hata vikiwa vimehifadhiwa vyema, na viachwe mapema zaidi vikitumiwa sana.

Kwa waelekezi na vyama vinavyoazima vifaa kwa wageni, daftari hilo si hiari. Kifaa kisichokuwamo daftarini, hata kikiwa na rangi za kupendeza, chafaa kuwekwa kando. Na kikipatikana mwambani kikiwa na rangi za mwingine, kirudishwe kwa mwenyewe: ndiye pekee ajuaye kama bado kinafaa kubeba uhai wa mtu.