Ukoga wa Mtutu: Bunduki Ikikwama, Tuseme Nini?

Bunduki ikigoma, Mswahili husema imekwama, na habari imekwisha. Kwa mazungumzo ya kawaida inatosha. Kwa fundi wa silaha au askari anayeandika ripoti haitoshi, kwa kuwa risasi iliyokataa kulipuka na ganda lililong'ang'ania ndani ya chemba ni mambo mawili, na kila moja lina chanzo chake. Hapa tunapendekeza istilahi tatu: hitilafu, mkwamo na ukoga wa mtutu.

Hitilafu ni jina la jumla, la kila hali ambayo silaha haifanyi kazi iliyoundiwa. Mkwamo ni hitilafu inayokatiza ufyatuaji, na mkwamo daima una mahali pake. Risasi mpya huweza kushindwa kuingia chembani. Fataki huweza kupigwa isiwake. Ganda tupu huweza kugoma kutoka. Ukishajua ni hatua gani iliyokatika, umeshapunguza nusu ya kazi ya kutafuta chanzo.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye mjadala. Kila risasi inapofyatuliwa huacha mabaki ndani ya silaha, na mabaki hayo huganda tabaka juu ya tabaka. Wengi huyaita uchafu, wengine masizi. Masizi ni jina sahihi la sehemu moja tu, ile ya moshi wa baruti. Mtutuni hukaa pia shaba inayokwanguliwa kwenye ngozi ya risasi, na chumvi inayoachwa na fataki za aina ya zamani, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kuleta kutu. Ukoga, jina la utando unaoshika meno na ulimi, hauulizi umetokana na nini. Ni kitu kinachojijenga kwa matumizi, kikashika, kikanenepa. Kwa hiyo ukoga wa mtutu liwe jina la jumla. Masizi, shaba na chumvi ziwe aina zake.

Waliotumia magobore waliujua ukoga huo vizuri. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kawaida sehemu 75, 15 na 10 katika 100, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa kitu kigumu. Bunduki ya askari wa Uingereza iliyoitwa Brown Bess ilikuwa na mtutu wenye upana wa karibu milimita 19, lakini ikapewa risasi ya karibu milimita 17.5. Nafasi hiyo iliachwa makusudi, ili risasi iweze kusukumwa kutoka mdomoni hata mtutu ukiwa umeshika ukoga. Shabaha ililipa gharama. Baruti isiyo na moshi, iliyotengenezwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ilipunguza tatizo, ingawa haikulimaliza. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki bado walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Mabaki yake huoshwa kwa maji ya moto, maana chumvi huyeyuka katika maji, si katika mafuta.

Kwa nini basi tusiridhike na uchafu? Kwa sababu neno hilo hubeba lawama. Bunduki chafu ina mwenyewe aliyezembea. Kisa cha bunduki ya M16 nchini Vietnam kinaonyesha hatari ya kuhukumu hivyo.

Silaha hiyo, iliyotokana na usanifu wa Eugene Stoner, ilijaribiwa kwa baruti ya aina moja. Mwaka 1964 jeshi la Marekani liliruhusu baruti nyingine, yenye punje za mviringo. Ndani yake mlikuwa na kalsiamu kaboneti, iliyowekwa ili kuzuia baruti isiharibike ghalani. Kemikali hiyo iliganda katika kibomba chembamba kinachorudisha gesi nyuma kuendesha mitambo. Baruti hiyo pia iliongeza kasi ya ufyatuaji, hivyo mitambo ikaanza kulivuta ganda kwa nguvu lingali limebana chembani. Chemba zenyewe hazikuwa zimepakwa kromu. Katika unyevu wa Vietnam zilikula kutu, ganda likazidi kushika. Ndoano ya kuling'oa ikakata ukingo wa ganda na kuliacha ndani. Askari akabaki na dawa moja katikati ya mapigano: kuingiza ufito wa kusafishia kupitia mdomo wa bunduki na kulisukuma ganda litoke. Wengine hata ufito hawakuwa nao, kwani vifaa vya usafi vilikuwa adimu na silaha ilikuwa imesifiwa kwamba haihitaji matunzo mengi.

Lawama za kwanza ziliwaangukia askari: hawasafishi. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya Richard Ichord, ilichunguza na kulilaumu jeshi, hasa kwa kubadilisha baruti. Chemba zikapakwa kromu, kiasi cha kalsiamu kaboneti kikapunguzwa, na mwaka 1968 ukatoka mwongozo wa matunzo wenye katuni za Will Eisner. Usafi ulihitajika kweli, lakini ulikuwa sehemu moja tu ya tiba.

Ripoti inayosema "bunduki ilikwama kwa uchafu" huishia kwa askari aliyeishika. Inayosema "mkwamo wa kutoa ganda, chemba ina kutu, kibomba cha gesi kina ukoga" humlazimu msomaji kuuliza pia risasi zilitoka wapi, baruti yake ni ipi, na nani aliyeziidhinisha.