Hospisi na Mgonjwa wa Demensia: Historia ya Kigezo Kilichotokana na Saratani

Hospisi ya kisasa ilijengwa kwa kumtazama mgonjwa wa saratani. Cicely Saunders alipofungua St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikwisha kueleza maumivu kuwa jambo linalomgusa mtu mwilini, nafsini, katika jamii na rohoni, naye aliyafahamu kwa kuwasikiliza wagonjwa wakisimulia. Makala haya yanadai kwamba asili hiyo ilichangia kumwacha pembeni mgonjwa wa demensia ya hatua za mwisho, ambaye hawezi kusimulia na ambaye muda wake wa kuishi ni mgumu kukadiria.

Asili hiyo iliingia katika sheria. Nchini Marekani, Medicare, bima ya afya ya wazee, ilianza kugharimia hospisi mwaka 1983 kwa sharti kwamba mgonjwa athibitishwe na daktari kuwa anatarajiwa kuishi miezi 6 au pungufu. Kwa saratani, kadirio hilo huwezekana mara nyingi, kwa kuwa hali hudhoofika kwa kasi karibu na mwisho. Demensia hudhoofisha polepole, kwa miaka.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wagonjwa 323 wa hatua hizo katika nyumba 22 za kutunzia wazee eneo la Boston kwa miezi 18. Zaidi ya nusu walifariki, na takribani asilimia 86 walipata matatizo ya kula. Ulionyesha pia kwamba ndugu aliyeamua kwa niaba ya mgonjwa alipofahamu kuwa kifo ki karibu na matatizo gani yatarajiwe, mgonjwa alielekea kuepushwa na hatua nzito, kama kulazwa hospitalini na kulishwa kwa mpira, katika miezi 3 ya mwisho.

Afrika Mashariki ilianza kwa dharura nyingine. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda, iliyoasisiwa na Dkt. Anne Merriman, mwaka 1993, UKIMWI ulipokuwa ukiua wengi. Nchini Uganda wagonjwa walifuatwa majumbani kwa mofini ya maji, na mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliofuzu tiba shufaa waliruhusiwa kisheria kuiandika. Hata hivyo, walengwa wakuu walibaki wenye saratani na VVU.

Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani uliazimia tiba shufaa iimarishwe katika hatua zote za maisha. Nchi za kanda zinazotekeleza azimio hilo hazina sababu ya kuiga sharti la miezi. Kigezo kinachofaa ni hitaji: ugumu wa kumeza, maambukizi ya mara kwa mara, na uchovu wa mtunzaji nyumbani. Maumivu ya asiyesema nayo hupimika. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2003 huyasoma katika pumzi, sauti, uso na mkao wa mwili, na katika jinsi mgonjwa anavyofarijika. Muuguzi anayezuru nyumbani anaweza kukitumia, na kuieleza familia mapema yatakayofuata.