Dar es Salaam hadi Roma: Umbali wa Safari kwa Ndege na Muda Wake

Waamini wanaojiandaa kwa hija ya Roma huuliza mara nyingi safari hiyo ina umbali gani na huchukua muda gani. Tunatoa hapa maelezo yatakayowasaidia kupanga safari yao kwa utulivu.

Umbali

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Fiumicino, uitwao pia Leonardo da Vinci, umbali wa moja kwa moja angani ni takribani kilomita 6,050. Ndege kubwa ya abiria huenda kasi ya kilomita 850 hadi 900 kwa saa; hivyo, kama ingeruka bila kutua, ingehitaji takribani saa saba na nusu.

Hata hivyo, kwa kawaida mahujaji hubadilisha ndege njiani. Kupitia Addis Ababa, umbali hufikia takribani kilomita 6,240. Kupitia Istanbul, 6,830. Na kupitia Doha, 7,850. Muda wa kuwa angani huwa kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Ukijumlisha kungoja ndege ya pili, safari nzima yaweza kuchukua saa kumi na mbili hadi ishirini.

Tofauti ya saa

Roma iko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili wakati wa baridi, na kwa saa moja kuanzia Dominika ya mwisho ya Machi hadi Dominika ya mwisho ya Oktoba. Saa za kuondoka na kufika zinazoandikwa katika tiketi ni za mahali husika.

Kusoma tiketi

Hapa panahitaji uangalifu mkubwa. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Tiketi ya tarehe 14, saa 03:40, maana yake ni saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14, wala si saa tatu asubuhi. Hujaji huyo anapaswa kuwa uwanjani usiku wa tarehe 13 ukiwa haujaisha, saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Atakayekuja asubuhi atakuta ndege imekwisha kwenda, na pengine akiba ya miaka imekwenda nayo. Tunawasihi vijana wawasomee wazee wao tiketi hizo mapema.

Misa na ratiba ya hija

Safari inayoangukia Dominika isimnyime mwamini Misa Takatifu. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa yaruhusu kutimiza wajibu huo jioni ya siku iliyotangulia. Basi anayeondoka usiku wa Jumamosi ashiriki Misa ya jioni hiyo kabla ya kwenda uwanjani.

Vilevile, Baba Mtakatifu kwa kawaida hukutana na mahujaji Jumatano asubuhi. Anayetaka kuhudhuria afike Roma Jumanne, kwani kutoka Fiumicino hadi mjini ni takribani kilomita 30, nayo mizigo na ukaguzi wa pasipoti huchukua muda.

Tunawaombea mahujaji wote safari njema na kurudi salama.